Maswali mnayouliza kila mara kabla ya kwenda kuona chumba cha rangi

Haya ni maswali ninayoletewa na waswahili wenzangu wa Kampala na nje kidogo, watu wa Bombo, wa Arua, ndugu zetu Wakongo, Wakenya waliokuja kusoma, kila galari ikiweka yale maonyesho ya rangi ya kuingia ndani. Maelezo ya mlangoni huwa ni Kiingereza kitupu na mtu anaona haya kuuliza, anazunguka dakika mbili anatoka. Sasa majibu ndio haya. Mengine nimeyarefusha kwa sababu naona ndio yanawasumbua watu, mengine ni mafupi tu.

Kwani hii ni kitu gani? Si ni picha za kutundika ukutani?

Hapana. Picha ya ukutani unasimama mbele yake, hii unaingia ndani yake. Chumba chote ndio kazi yenyewe, kuta, sakafu, dari, taa, saa ingine na sauti, na wewe mwenyewe ukishaingia umekuwa sehemu yake manake kivuli chako kinaanguka pale, nguo yako inaongeza rangi, sauti ya mtoto wako inajaza mle ndani. Wenyewe wanaita instolesheni. Mfano mzuri ni Yayoi Kusama, mama mmoja wa Japani aliyezaliwa 1929, mwaka 2002 huko Brisbane Australia alitengeneza chumba cheupe pe, kochi jeupe, meza nyeupe, sahani nyeupe, kila kitu cheupe kama sebule iliyomwagiwa rangi ya kuta, halafu kila mgeni anapewa karatasi ya stika za duara za rangi na anabandika popote anapotaka. Baada ya wiki kadhaa sebule haionekani tena, ni madoadoa tu kila mahali. Hapo ukiuliza nani kachora, jibu ni kila aliyepita.

Lazima niwe nimesoma sanaa ndio nielewe?

Sio lazima. Kusema kweli waliosoma sana ndio wanaongea sana mle ndani na kuwaharibia wengine. Ingia, nyamaza kidogo, angalia mwili wako unafanya nini. Unataka kukaa? Unataka kutoka? Unasikia joto kwenye chumba chekundu ingawa hakuna joto? Hiyo tayari ni kuelewa. Maelezo ya ukutani soma ukitoka sio ukiingia, ukianza nayo utaona tu kile ulichoambiwa uone.

Kwa hapa Kampala niende wapi?

Kwanza ujue chumba cha namna hii sio kitu cha kukaa mwaka mzima, kinakuja na kuondoka, kwa hiyo unafuatilia galari zinatangaza nini. Ya taifa ni Nommo pale Nakasero, Victoria Avenue, ilianzishwa 1964 na iko chini ya kituo cha taifa cha utamaduni, walewale wenye National Theatre. Ya Makerere iko ndani ya chuo, kwenye shule ya sanaa yenye jina la Margaret Trowell, yule mama aliyeanza kufundisha sanaa pale 1937, na hapo utakuta kazi za wanafunzi ambazo saa ingine ndio zenye ujasiri kuliko za wakubwa. Halafu iko 32° East, kituo cha wasanii kule Kabalagala, wao wanapenda sana kazi za majaribio na kazi za kutoka nje ya kuta, hata tamasha lao la KLA ART lilipoanza 2012 wasanii walipewa makontena ya mizigo 12 yakawekwa mjini kati ya watu, sio kwenye ukumbi. Na makumbusho ya taifa pale Kira Road, Kitante, nayo huwa inapokea maonyesho ya muda. Makumbusho yenyewe yalianza 1908 na lile jengo lao limefunguliwa 1954, ukienda lizungukie hata kama hakuna onyesho, lina mwanga mzuri wa mchana.

Siwataji wa biashara hapa, hao wana matangazo yao.

Nitalipa shilingi ngapi?

Galari nyingi za hapa kuingia ni bure, unaandika jina kwenye kitabu cha wageni basi. Makumbusho wanatoza, na raia halipi sawa na mgeni wa mbali, kwa hiyo beba kitambulisho chako. Onyesho likiwa kubwa linaweza kuwa na tiketi yake peke yake na mara nyingi mnalipa kwa mobail mani, hakikisha laini yako ina pesa kabla hujafika getini manake wakala wa karibu hayupo kila mahali, hasa Nakasero juu kule.

Niende siku gani, saa ngapi?

Siku ya katikati ya wiki asubuhi. Nimemaliza.

Sawa niongeze kidogo. Siku ya uzinduzi usiende kama unataka kuona kazi, siku hiyo watu wanaenda kuonana wao kwa wao, kuna glasi mikononi na hotuba, chumba kinajaa migongo. Jumamosi mchana familia ni nyingi, watoto wanapiga kelele, ila kama kazi yenyewe ni ya kubandika au kuchezea basi Jumamosi ndio inanoga. Jumapili galari kadhaa zinafunga, piga simu kwanza. Na msimu wa mvua toka mapema, mvua ya Kampala ya saa nane ikikushikia kwenye boda utafika umelowa chapa na wenye galari hawatakuruhusu ukanyage sakafu nyeupe na matope mekundu, na hapo sio roho mbaya.

Nivae nini?

Swali hili watu wanalicheka lakini ni la maana kuliko mengi.

Viatu kwanza. Vyumba vingi vya rangi vina sakafu nyeupe au ya kioo, utaambiwa vua au utapewa mifuko ya kuvalisha viatu. Kwa hiyo soksi ziwe nzima, kidole gumba kisichungulie. Waliowahi kwenda Kasubi kwenye makaburi ya makabaka, wafalme wa Buganda, hawashangai, kule pia viatu vinabaki nje.

Halafu kama kuna vioo sakafuni, akina mama na dada, vaeni suruali au tait chini ya gauni. Kioo cha chini kinaonyesha kila kitu na hakuna mtu atakayekuambia kabla, gadi ni mwanamume na anaona aibu.

Rangi ya nguo sasa. Ukivaa nyeupe, wewe unageuka kitambaa, taa nyekundu inakuwa wewe, taa ya bluu inakuwa wewe, unatoka umekuwa sehemu ya kazi. Ukivaa nyeusi unapotea unabaki uso na mikono. Gomesi, lile gauni la Kiganda, yenye rangi kali au kitenge, hapo ndio raha, manake kila taa inakula rangi moja na kuacha nyingine, utaona maua ya kitenge chako yanazimika na kuwaka ukihama chumba. Nitaeleza chini kwa nini.

Naweza kugusa?

Uliza kwanza. Hakuna jibu moja, kuna kazi zimetengenezwa ziguswe na kuna kazi ukigusa umeharibu. Ile ya stika usipogusa hujafanya kitu. Lakini Kusama huyohuyo ana vyumba vya vioo vyenye maboga ya kung'aa, na Februari 2017 pale makumbusho ya sanaa ya Hirshhorn mjini Washington mgeni mmoja alikosea hatua akavunja boga moja, chumba kikafungwa kwa muda. Na kuna iliyobadilika katikati ya safari, Ai Weiwei wa China mwaka 2010 alimwaga mbegu milioni 100 za alizeti kwenye ukumbi mkubwa wa Tate Modern, makumbusho ya sanaa ya London, sio mbegu za kweli, za kauri, moja moja imepakwa rangi kwa mkono, watu wakaruhusiwa kutembea juu yake na kulala, siku chache tu ikaonekana lile vumbi la kauri litawadhuru wanaolivuta, wakaweka kamba. Kwa hiyo hata kama rafiki yako wiki iliyopita aligusa, wewe uliza tena.

Kwa kazi za hapa kwetu angalieni sana. Msanii anayeitwa Sanaa Gateja anatengeneza kwa shanga za karatasi, karatasi zilizotupwa zinakunjwa moja moja na kushonwa kwenye lubugo, yaani ile nguo ya gome la mti wa mutuba, na ukiona zile rangi mkono wenyewe unakwenda. Ushike mfukoni. Jasho na mafuta ya mkono hayaonekani leo, yanaonekana baadaye. Acaye Kerunen naye anatumia rafia na nyuzi za migomba na kazi za akina mama wasukaji, vitu tunavyovijua toka jikoni na mikekani, na ndio maana watu wanashika bila kufikiri, wanaona kama ni mkeka wa nyumbani. Huyu na Collin Sekajugo ndio waliobeba bendera yetu Venice, Italia, mwaka 2022, mara ya kwanza Uganda kuwa na banda lake kwenye Biennale, yale maonyesho makubwa ya sanaa ya mataifa, na wakarudi na tuzo ya kutajwa maalum. Mkeka huo usiupapase.

Kwa nini nikikaa ndani rangi inapotea? Ni taa zao mbovu?

Taa ziko sawa, ni macho yako. Hili ndio jambo ninalolipenda kuliko yote na watu wengi wanalikosa kwa haraka zao.

Ndani ya jicho kuna chembe za kupokea rangi za aina tatu, aina moja inaelekea zaidi kwenye wekundu, nyingine kijani, nyingine bluu. Ukiingia chumba chekundu tupu zile za wekundu zinafanya kazi peke yake mpaka zinachoka, na ubongo nao unaanza kusema aa hii ndio hali ya kawaida ya hapa, basi wekundu unafifia, dakika kadhaa baadaye chumba kinaonekana kama kimepauka. Sasa toka uangalie ukuta mweupe, utauona umeingia ukijani wa samawati, manake zile zilizochoka zimekaa kimya na zile nyingine ndio zinapiga kelele. Carlos Cruz-Diez, msanii mzaliwa wa Caracas, Venezuela, aliyefariki Paris 2019, alitumia jambo hilihili toka 1965, vyumba vitatu vilivyopakana, chekundu, cha kijani na cha bluu, hakuna picha, hakuna sanamu, ni mwanga tu. Ukitoka kimoja kwenda kingine macho yanapigwa na rangi mpya kwa nguvu kuliko ingekuwa umeingia moja kwa moja toka barabarani. Anayepita mbio anaona vyumba vitatu vyenye taa, anasema ndio hii tu? Anayekaa anaona rangi ikizaliwa na kufa.

Na lile la kitenge kuzimika ni hili, kitambaa chekundu ni chekundu kwa sababu kinarudisha mwanga mwekundu, sasa kama chumba hakina mwanga mwekundu hata kidogo kitarudisha nini? Kinakuwa cheusi. Olafur Eliasson mwaka 2003 alitundika jua moja kubwa la taa hapo hapo Tate Modern, taa zake zilikuwa za aina ya kutoa rangi moja tu ya manjano, basi ukumbi mzima kila kitu kikawa cha manjano na cheusi, koti jekundu cheusi, koti la bluu cheusi, na dari lilikuwa kioo, watu wakalala chini wakijitafuta juu. Walipita zaidi ya milioni 2 mpaka lilipoondolewa Machi 2004. Walalao sakafuni hawakuambiwa walale.

Kwa hiyo ushauri wangu, kaa kwenye kila chumba mpaka uone kimebadilika, ndio uhame. Na kama chumba ni cha giza, dakika za kwanza hutaona kitu, usiwashe tochi ya simu jamani, macho yanazoea polepole na tochi yako inawarudisha wote mwanzo.

Picha naruhusiwa? Na TikTok?

Kwa kawaida ndio bila flashi. Stendi na fimbo za selfi mara nyingi hapana, kwa sababu ya lile boga na mengine kama hilo.

Ila kuna mawili. La kwanza, simu inajifanya inajua kuliko wewe, ikiona chumba chekundu inadhani taa ni mbovu na inarekebisha, picha inatoka ya waridi au ya chungwa. Bonyeza skrini na kushikilia mpaka ifunge mwanga, kisha shusha mwanga kidogo, utaona rangi imerudi. Kama picha ina mistari mistari hiyo ni taa za kupepesa haraka ambazo jicho halizioni ila kamera inaziona, jaribu kubadilisha pembe. La pili, piga za kwako dakika za mwanzo halafu weka simu mfukoni, hapa natumia ubabe wa mwenyeji, mtu anayetazama chumba cha rangi kupitia skrini haachi macho yake yachoke, na nimeshaeleza yakichoka ndio mambo yanaanza. Kuna galari huko nje zinakupa sekunde 45 tu kwenye chumba cha vioo sababu foleni ni ndefu, wewe hapa Kampala umepewa nusu saa bure halafu unaimaliza ukitafuta pembe.

Kwa Nommo angalieni, pale ni jirani na Ikulu ndogo ya Nakasero. Ndani ya galari piga, nje barabarani usielekeze kamera kwenye ukuta wala geti wala askari. Ukiulizwa jibu kwa adabu, ndio afande, hapana afande, onyesha picha zako, endelea na safari. Hakuna picha ya mti wa Victoria Avenue inayostahili kupoteza mchana.

Ninao watoto, niwalete?

Leteni. Mtoto hana swali la maana yake nini, anaingia na kukimbilia rangi anayoitaka. Kwenye giza mshike mkono, kwenye vioo mwambie atembee mikono mbele kwa sababu watoto hugonga vichwa. Mtoto mchanga wa mgongoni yuko salama ila akilia toka naye kidogo, sauti kwenye chumba kitupu inazunguka. Ukirudi nyumbani mnaweza kufanya ile ya stika kwa boksi la kadibodi lililopakwa chokaa, wape vifuniko vya soda na gundi, watakaa kimya mchana mzima.

Walimu wanaoleta darasa zima wapige simu wiki kadhaa kabla na wagawe watoto vikundi vidogo. Basi la watoto wote kuingia pamoja linaua kila kitu.

Mimi nina kifafa, au kichwa kinaniuma nikiona taa kali

Hapa nakuomba usione haya, uliza mlangoni kama kuna taa za kupepesa. Zinazoogopwa zaidi ni zile za kupepesa zaidi ya mara 3 kwa sekunde, na nyekundu ndio mbaya zaidi. Kazi nyingi za rangi zinabadilika taratibu na hazina shida hiyo lakini lazima ujue kabla sio ukiwa ndani. Usiende peke yako. Ikianza kukukamata ghafla, funika jicho moja kabisa kwa kiganja na geuka utoke, kufumba yote mawili hakusaidii sana kwa sababu mwanga unapita kwenye kope. Wenye kipandauso wanaweza kuvaa miwani ya jua hakuna atakayewauliza. Na anayeogopa vyumba vilivyofungwa asimame karibu na mlango, kazi inaonekana kutoka pale pia.

Mzee wangu anatumia kiti cha magurudumu

Piga simu uulize ngazi. Galari nyingine zimo kwenye nyumba za zamani zilizokuwa za kuishi na mlango una vipandio viwili vitatu, wafanyakazi watambeba na kiti chake bila shida ila ni heshima kwa mzee kujua mapema na sio kubebwa kama mzigo mbele za watu. Mwombeeni na kiti cha kawaida ndani, chumba cha rangi ni cha kukaa.

Je hii sio mambo ya mashetani?

Linaulizwa, na linaulizwa na watu wa dini zote, basi nijibu. Giza, taa nyekundu, vioo, sauti isiyojulikana inatoka wapi, naelewa mtu anakumbuka nini. Ukweli ni taa, waya na rangi, mwombe mfanyakazi akuonyeshe taa zilipofungwa, wengi wanafurahi kuonyesha. Kama bado moyo hautaki basi usijilazimishe, subiri nje kwenye bustani wenzako watatoka.

Umeme ukikatika?

Inategemea kama kuna jenereta. Kama hakuna, mnasubiri mnapiga stori na wafanyakazi, na hapo ndio utajua mengi kuliko yaliyo ukutani. Kazi za nyuzi na shanga na lubugo haziulizi umeme, hizo zinataka dirisha.

Nitapata mtu wa kunieleza kwa Kiswahili?

Maandishi bado ni Kiingereza, na anayekupokea ataanza kwa Kiingereza au Kiganda. Lakini toka serikali ilipopitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022 vijana wengi wanataka kukijaribu, wewe anza tu, sema habari zenu, naomba mnitembeze kwa Kiswahili, mara nyingi anaitwa mmoja toka ndani anayekijua, mara nyingi ni gadi, na gadi amekaa na ile kazi kutwa kucha kuliko hata msanii. Muulize yeye saa ngapi chumba kinapendeza. Nimeona magadi wanaojua hasa dakika ambayo jua la dirishani linaingia na kuchanganya rangi.

Nina ndugu London, akienda Tate Modern atalipa?

Kuingia na kuona kazi zao za kudumu ni bure, maonyesho maalum yana tiketi, na vyumba vya Kusama vilipokuwa pale, mpaka 2024, vilikuwa vinabukiwa mapema. Akate kwenye mtandao wao wenyewe.

Kula na choo?

Rolex yako, ile chapati ya mayai, imalize nje, mafuta na rangi hawaelewani. Maji ya chupa yaache mlangoni na begi kubwa pia. Choo kipo, uliza kabla ya kuingia, manake ukishavua viatu na kuvivaa tena na kurudi na kuvua tena utawachosha.